Nilivyoshika Kauntabuku Mbele ya Projekta

Nimestaafu Ijumaa iliyopita, paredi ya asubuhi, nikiwa na miaka kumi na saba na meno yote. Makabidhiano yalikuwa mafupi kuliko foleni ya uji. Nilimkabidhi Masanja wa kidato cha tatu projekta moja, spika mbili ambazo moja inakoroma, waya wa kurefushia umeme wenye plasta ya hospitali, na kauntabuku moja nene yenye jalada jeusi. Nikarudi kwenye mstari nikiwa raia wa kawaida, niliyebakiwa na mtihani wa taifa tu.

Masanja akanifuata pale bombani. "Dada Yustina, hiyo kazi inafanywaje? Usiniachie vyombo kama unagawa urithi."

Haya, Masanja, na nyie mtakaokuja baada ya Masanja, kaeni hapa. Nilikuwa kiranja wa burudani kwa muda wote ambao wengine walikuwa wanalala Jumamosi mchana. Habari za vyeo nitaziruka, kilikuwa kimoja tu. Habari za malipo nazo niziruke. Niliwahi kupewa ukoko wa wali mara mbili, na mara ya pili ulikuwa wa mtu mwingine.

Nilifika hapa Mpanda kutoka kwetu Mpimbwe nikiwa sijawahi kutazama filamu hadi mwisho. Kijijini kwetu kulikuwa na runinga moja, ya mwenye mashine ya kukoboa mpunga, na mashine ikiwashwa picha inajikunja kama chapati. Kwa hiyo nilijua mwanzo wa filamu nyingi sana. Jumamosi yangu ya kwanza bwaloni niliona filamu ikianza, ikaenda, ikaisha, majina yakapanda. Nikabaki nimekaa. Wenzangu wakadhani nimebanwa na benchi. Mjue basi kwamba enta, hiyo burudani ya Jumamosi, kwangu haikuwa kitu cha kupitishia muda. Ilikuwa ndio sababu ya kuvumilia Jumatatu mpaka Ijumaa.

Kazi nilifundishwa na Dada Kalunde, aliyekuwa kidato cha nne mimi nikiwa cha pili. Kwao ni Majengo, mama yake anauza vitenge, na yeye mwenyewe alikuwa na sauti ya kuuza vitenge. Siku ya kwanza alinipa mablanketi kumi na mawili nizibe madirisha ya bwalo, maana enta yetu ni saa nane mchana na jua la Mpanda halina adabu, linapenya hata kwenye tundu la msumari.

"Usichukue mablanketi ya kidato cha kwanza," akaniambia.

"Kwa nini?"

"Chukua, utajua."

Nilichukua. Nikajua. Bwalo zima likajua.

Halafu akanifundisha kauntabuku. Wageni wanaweza wasielewe, kwa hiyo nieleze. Shuleni kwetu filamu inaruhusiwa, ila watu wa kwenye filamu kubusiana hairuhusiwi, na wenyewe hao waigizaji hawajapewa taarifa. Basi kiranja anakaa pembeni ya projekta, na wakati ukifika anainua kauntabuku mbele ya lenzi. Ukuta unakuwa mweusi, sauti inaendelea, mambo yakipita anashusha.

"Vidole viwili kutoka kwenye lenzi," Kalunde alisema. "Usiiguse, utaikwaruza. Asubuhi uitazame yote peke yako maktaba, uandike dakika kiganjani. Na ukiziba, sema kitu. Ukinyamaza, kila mtu anatengeneza picha yake kichwani, na hizo za kichwani ni mbaya kuliko za kwenye filamu."

"Niseme nini?"

"Sema: hapa wanasalimiana."

Hivyo ndivyo nilivyosema kwa karibu miaka miwili. Bwalo zima linajibu, "Marahabaaa!" Nimewasalimisha watu wa kila taifa. Kuna Wakorea niliowasalimisha mara tano ndani ya filamu moja, mpaka Masanja, ambaye wakati huo alikuwa mpiga kelele wa benchi la nyuma, akauliza kama wametoka msibani.

Mkitaka kudumu kwenye kazi hii, mjue filamu zenu. Mimi maoni yangu ni haya, na nimeyapata kwa jasho la mablanketi.

Za ngumi za Kichina za zamani zina hadithi moja tu: umemuua mwalimu wangu. Sizidharau hata kidogo. Wale watu wanapigana wakiwa mwili mzima kwenye picha, miguu unaiona, huibiwi kitu. Hizi mpya za Kimarekani ngumi inakatwa vipande ishirini, hujui nani kampiga nani mpaka mmoja aanguke. Tena ni za giza! Nilizima taa zote, nikaziba kila tundu, bado tukawa tunatazama ukuta wenye sauti. Kama una hela ya kubomoa daraja zima, nunua na balbu.

Za Kihindi za zamani nazipa heshima kwa sababu hazina haraka ya kukuruhusu uende zako. Mvua inanyesha, wanacheza, na hakuna tope. Mimi mtoto wa mashamba ya mpunga hilo liliniuma. Ila ile moja tuliyotazama ya mama kipofu anayemtambua mwanawe kwa kumshika masikio, hata mpishi wetu aliacha maharage yakaungua, na Jumapili hakuna aliyelalamika.

Za kwetu za Bongo nina kesi nazo. Mtu akishuka kwenye gari tunamwona akifungua mlango, akishusha mguu, akifunga mlango, akitembea, akipiga hodi, yote kwa wakati halisi. Halafu kitu cha maana kabisa kinatokea nje ya picha tunasimuliwa kwenye simu. Lakini mwaka huu tuliona moja ya vijana waliotengeneza kwa simu, mama na binti tu, jikoni, wanamenya ndizi na hawasemezani. Ukumbi ulikaa kimya mpaka spika ikasikika ikikoroma. Nilisema siku ile na ninasema sasa: hao wakipata taa na muda, mtakuja kuniambia.

Maoni tulikuwa tunatoa Jumapili kwenye karo la kufulia. Sheria niliiweka mimi: husemi "nzuri" bila kusema nzuri wapi. Mtu akisema "inaboa," anaulizwa ilianza kuboa dakika ipi na yeye alikuwa anafanya nini. Utashangaa wangapi walikuwa wamelala.

Sasa kesi ngumu. Ilitokea muhula huu, na nusura nistaafu pamoja na enta yenyewe.

Jumamosi moja sikuitazama filamu asubuhi, kwa sababu nilikuwa natumikia adhabu ya kupalilia bustani. Adhabu ilikuwa ya haki, tusiifukue. Filamu ilikuwa mpya, ya Kikorea. Dakika sikuwa nazo, nikakisia tu, nikainua kauntabuku, nikasema wanasalimiana, nikaitikiwa. Nikachungulia pembeni, nikaona wameachana. Nikashusha. Kumbe walikuwa wanavuta pumzi.

Bwalo lililipuka. "Dendaaa!" Mabenchi mawili yakaanguka, mtu mmoja akapanda juu ya meza ya kugawia chakula. Na mlangoni, blanketi likiwa limefunuka kidogo, alikuwa amesimama Mwalimu Nzunda.

Mwalimu Nzunda ni mwalimu wa nidhamu na anafundisha Historia. Anavaa shati jeupe lililonyooshwa mpaka unaweza kukatia mkate. Hapigi kelele. Anaita majina tu, taratibu, na ukisikia lako unaanza kukumbuka makosa ambayo bado hujafanya.

"Yustina."

"Naam, Mwalimu."

"Jumamosi hizi zingekuwa prepo, mngekuwa wapi?"

"Tungekuwa tunasoma, Mwalimu."

"Mngekuwa watu."

Jioni ile akaniita ofisini kwa Madam Mkuu wa shule. Nilisimama kati yao nikiwa bado na majani ya bustani kwenye soksi. Mwalimu Nzunda akasema sinema za siku hizi zimeoza, na kwamba zamani kulikuwa na sinema za mafunzo. Yeye akiwa seminari aliitazama moja mara nne, sinema ya Ulaya ya fundi saa na dada yake wanaotunza duka waliloachiwa na baba yao. Hajawahi kuona upendo wa ndugu kama ule. Mwanawe kampatia mtandaoni, anayo kwenye flashi.

"Jumamosi ijayo mtaitazama hiyo," akasema. "Madam atakuwepo. Mkikaa kama watu na mkatoa maoni kama watu, enta iendelee. Ikitokea aibu yoyote, Jumamosi zote ni prepo mpaka mmalize shule."

Madam akaniangalia. "Umeelewa?"

"Nimeelewa, Madam. Mwalimu, naomba flashi niitazame kwanza asubuhi."

Akaniangalia kama nimeomba kukagua Biblia. "Binti, sinema hiyo alituonyesha padri. Haina hata sehemu ya kupepesa jicho."

Wiki ile bweni letu lilikuwa na amani ya kutisha. Watu walifagia bila kuambiwa. Masanja alitembea benchi kwa benchi akitoa onyo: "Atakayecheka Jumamosi, mimi na yeye tutaonana kwa Mungu." Niliyeshindwa kulala vizuri nilikuwa mimi. Kidato cha nne tunamaliza mwaka huu, lakini kulikuwa na watoto wa kidato cha kwanza wametoka huko nilikotoka, wanaojua mwanzo tu wa filamu. Sikutaka wakute ukuta mtupu kwa sababu mimi nilikuwa bustanini.

Jumamosi ikafika. Madirisha yakazibwa, kwa mablanketi niliyoyachagua mwenyewe kwa pua. Madam Mkuu alikaa kwenye kiti cha mbele. Mwalimu Nzunda alikaa kando yake, uso umekunjuka kama mtu anayesubiri mgeni kutoka stesheni. Nilikuwa na kauntabuku miguuni, kwa mazoea tu.

Filamu ilikuwa ya lugha ambayo hata mwalimu wa Jiografia hakuijua, yenye maandishi ya Kiingereza chini. Mwalimu akasema enzi zao hayakuwepo, padri ndiye aliyekuwa akiwaeleza. Nami nikawa nasoma na kutafsiri kwa sauti. Nilianza kupata wasiwasi mapema. Yule mama tuliyeambiwa ni dada mtu aliingia dukani na kuuliza bei ya saa ya ukutani.

Nikamnong'oneza Masanja, "Dada gani anauliza bei kwenye duka lao?"

"Labda anamtania kaka yake. Tafsiri, acha upelelezi."

Nikatafsiri. Ilikuwa filamu nzuri, na nitasema nzuri wapi: fundi saa hasemi kitu kwa dakika nyingi, unamjua kwa mikono. Anashika kitu kidogo kama mtu anayeshika kifaranga. Mwalimu Nzunda alikuwa akimweleza Madam kila kitu nusu dakika kabla. "Sasa ataleta mkate. Sasa kaka atamtengenezea saa. Ona, ona anavyomjali mdogo wake."

Halafu wakakaribiana.

Nyie mtakaofanya kazi hii, siku moja mtaijua ile dalili. Muziki unapungua, na mtu anaacha kuangalia macho anaangalia mdomo. Mikono yangu ilijua kabla yangu. Nikainua kauntabuku, ukuta ukawa mweusi, na kinywa changu kikasema peke yake, "Hapa wanasalimiana."

Hakuna aliyeitikia. Watu mia tatu wakashika pumzi. Nilichokuwa nimefanya ni kumwambia Madam Mkuu, mbele ya shule nzima, kwamba filamu ya mwalimu wa nidhamu ina jambo.

Mwalimu Nzunda akasimama. "Yustina, toa hilo daftari. Hapo hamna kitu."

"Mwalimu," nikanong'ona, "kipo."

"Nimeitazama mara nne."

"Mwalimu, tafadhali."

"Toa!"

Nikatoa. Alikuwa amesimama katikati, mbele ya mwanga, kwa hiyo ukutani zilifika nywele tu. Busu lenyewe lilimwangukia yeye, kifuani, kwenye shati jeupe lililonyooshwa, linaonekana vizuri kuliko filamu yoyote niliyowahi kuonyesha. Akajitazama. Akageuza shingo ukutani, akaziona nywele zao zilizobaki. Wala hakukimbia. Alisimama tu pale, hata walipomaliza, na mwanga ukaendelea kumtembea usoni.

Hakuna aliyecheka. Naapa. Masanja alikuwa ameuma kola ya shati lake na machozi yanamtoka, lakini hakucheka.

"Simamisha," akasema Madam. Nikasimamisha. "Mwalimu Nzunda, hawa ni kaka na dada?"

"Padri alikuwa anaifuta ile mashine ya sinema," akasema, na hakuwa anamjibu Madam, alikuwa anajieleza mwenyewe. "Tukifika hapa, kila mara. Anatoa leso, anasimama mbele, anafuta. Mara zote nne. Nilidhani ni vumbi."

Hapo mwalimu wa Jiografia alitoka nje kwa haraka, akidai kikohozi.

Madam aliagiza tumalizie filamu. Tukamalizia, nikitafsiri kama mtu anayesoma tangazo la msiba. Mwisho, fundi saa anafunga duka anapanda meli na yule mama. Ilipoisha, Madam akauliza nani ana maoni. Masharti yalikuwa tutoe maoni kama watu, na hapakuwa na mtu wa kuyaanza. Nikaona enta inaondoka taratibu mlangoni.

Ndipo mkono ukainuka mbele. Ulikuwa wa mtoto wa kidato cha kwanza anayeitwa Tatu, mdogo kiasi kwamba benchi lilimficha.

"Mimi naomba kuuliza. Kumbe Dada Yustina akiziba ndio huwa wanafanya vile? Mimi nilijua wanauana."

"Wanauana?" Madam akasema.

"Ndiyo. Maana akishusha daftari, mmoja anakuwa analia au ameondoka. Nikawa nasema, huyu mwingine kesha kwenda."

Hapo watu wakacheka, na Madam akacheka, ila mimi sikucheka. Mwaka mzima mtoto wa watu ametazama wapenzi wakifa mikononi mwangu. Nilikuwa najisifu kwa vidole viwili na dakika za kiganjani, kumbe kila Jumamosi nilikuwa naonyesha filamu mbili, moja ya mwenye filamu na nyingine ya Tatu.

Madam alisimama, akakunja shali yake. "Mwalimu Nzunda ndiye aliyeweka masharti. Yeye ataamua. Jumatatu."

Jumapili kwenye karo hapakuwa na maoni. Watu walifua tu. Jumatatu saa ya mapumziko jina langu likaitwa, taratibu, nami nikaenda nikiwa nimeshaandaa hotuba ya kuomba enta ibaki hata kama nitavuliwa mimi cheo. Nilimkuta Mwalimu Nzunda na laptop ya shule imefunguliwa. Fundi saa alikuwa amesimama kwenye kioo, mkate mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Yule hakuwa dada yake."

"Hapana, Mwalimu."

"Hata mkate hakuuleta kama dada."

"Hapana, Mwalimu. Alikuwa na duka la mikate. Aliuliza bei ya saa mwanzoni kabisa."

"Niliona." Akasugua paji la uso. "Unajua nilitoa mfano wa sinema hii kwenye harusi ya mdogo wangu wa kike? Nikasema mbele ya watu, mimi na wewe tumeishi kama wale wa duka la saa."

Nilitazama dari, Masanja. Siku utakapopewa nafasi kama ile, tazama dari na usishuke.

"Cheka tu," akasema. Nikacheka. Naye akacheka, mara moja, kama mtu anayejaribu gari lililokaa muda mrefu. "Nimeitazama mara mbili tangu juzi. Ni nzuri kuliko ile niliyoijua."

"Nzuri wapi, Mwalimu?" Lilinitoka tu. Sheria ni sheria.

Akafikiri. "Pale anapofunga duka. Zamani nilimlaumu. Nilisema, unaachaje mali ya baba yako? Sasa naona alisubiri miaka mingi mtu wa kumwambia twende." Akafunga laptop. "Yule mtoto, Tatu. Bado anadhani wanauana?"

"Nimemweleza, Mwalimu. Ila wako wengi."

"Basi Jumamosi waonyeshwe tena hii. Tangu mwanzo. Na zinazofuata tutazitazama asubuhi mimi na wewe. Ambayo haiwafai haitaingia bwaloni kabisa. Inayoingia, iingie nzima."

Kwa hiyo, Masanja, hiyo ndiyo kazi unayoirithi, si ile niliyoirithi mimi. Kuna mambo yatakuwa magumu. Mwalimu Nzunda saa tatu asubuhi maktaba ana maoni marefu, na anapenda filamu zenye meli. Mvumilie. Ukibishana naye, bishana na dakika mkononi, anaheshimu ushahidi. Usimruhusu akuambie mwisho kabla haujafika, anajua kuharibu. Na ukiona jambo hulielewi kwenye filamu, sema hulielewi, usiwape watu salamu za uongo.

Jumamosi ile tulijaa mpaka madirishani. Wapishi walikuja, mlinzi alikuja na kirungu chake, Madam alikuja na mumewe. Mwalimu Nzunda alikataa kiti. Alisimama pembeni ya projekta, shati jeupe, nje ya mwanga safari hii, akasema leo atatafsiri yeye. Alitafsiri vibaya, nitasema ukweli, alikuwa anaweka na tarehe za vita. Lakini tulimsikiliza. Mkate ukaletwa, saa ikatengenezwa, muziki ukapungua, na watu mia tatu wakageuza shingo kumwangalia yeye badala ya ukuta.

Akakohoa. Kisha akasema, kwa sauti ile ile anayoitia majina:

"Hapa wanabusiana. Si kaka na dada, niliwadanganya. Wanapendana. Tunaendelea."

Tukaendelea.